Nani Anashika Mrija

Mwalimu wetu hakuwahi kumwuliza mwenye kliniki ana wafanyakazi wangapi. Alisema swali hilo linamkaribisha mtu kudanganya hata kama hakukusudia. Yeye alikaa kwenye viti vya wagonjwa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, akatazama. Akisharidhika aliuliza jambo moja tu: nani anashika mrija?

Kwa asiyejua, daktari wa meno anapofanya kazi mdomoni, mashine yake hurusha maji, na mate nayo hayaachi kuja. Lazima pawe na mrija wa kufyonza hayo yote, na lazima awepo mtu wa kuushika, mtu huyohuyo anayezuia ulimi na shavu visiingie njiani. Mwalimu aliiita kazi ya mikono minne: miwili ya daktari, miwili ya msaidizi. Palipo na mikono miwili tu, alisema, kuna mtu ataumia, na kwa kawaida ni yule aliyelala.

Alitufundisha afya ya jamii katika chuo kimoja hapa Guangzhou. Kazi iliyompa jina ilikuwa kufuatilia ajira za kliniki za meno katika jimbo zima la Guangdong: nani anaajiriwa, nani anaachwa, mji gani una watu na mji gani hauna. Nilipopangiwa kwake mara ya kwanza nilinuna. Nilitoka Tanga kuja kusomea meno, halafu nikatumwa kuhesabu watu wanaoshughulika na meno. Nilimpigia mama simu nikamwambia nimepewa kazi ya karani wa sensa. Mama akacheka, akasema bora ya karani kuliko kuchungulia midomo ya watu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye raba nyeupe zilizooshwa kila wiki na sauti ya mtu anayeita teksi. Jino lake moja la mbele lilikuwa na kijipengo ukingoni, kama lililochongwa kwa tupa. Watu wengi wa rika lake hapa wanacho. Kinatokana na kupasua mbegu za tikiti kwa meno, miaka nenda miaka rudi. Darasani alituonyesha picha za meno ya aina hiyo na kutuagiza tuwakataze wagonjwa. Kisha tukishapanda treni kwenda mikoani anatoa pakiti ya mbegu mkobani na kuanza kazi, maganda yakidondoka kwenye kikombe cha karatasi. Siku moja Otieno, Mkenya tuliyesoma naye, akamwuliza na lile somo je.

"Somo ni la wagonjwa," alisema. "Mimi siumwi."

Na hakuumwa, au hakutaka kujua kama anaumwa, kwa sababu mtu huyu aliyeolewa na daktari wa meno alikiogopa kiti cha meno kuliko tulivyoogopa mitihani yake. Mumewe alimsafisha meno mara moja kwa mwaka, na wiki ile tuliijua sote, maana alikuwa mkali hata kwa mlango.

Jina langu lilimshinda, kwa hiyo aliniita Tanga. Otieno alikuwa Kisumu. Salamu yetu ya shikamoo aliipenda kupita kiasi. Alipoelewa kwamba mkubwa ana haki ya kupewa, alianza kudai. Ukipita mbele yake bila kuitoa anakusimamisha ukumbini, mbele ya maprofesa wenzake: "Tanga! Shika?" Unampa, naye anajibu "marahaba" kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama wimbo. Mwezi wa Ramadhani alijua nimefunga, lakini mara zote alisahau hadi ameshafungua chombo cha chakula mbele yangu. Hapo anaomba radhi, anakifunga, anakiweka kwenye droo, na tunaendelea na kazi huku chumba kizima kinanuka tangawizi na kitunguu. Ingekuwa nafuu ale tu.

Sasa kuhusu wake za madaktari, maana hapo ndipo alipokuwa mbishi kweli.

Kliniki ndogo za jimbo hili, zile za chumba kimoja kwenye mtaa wa nyumba za kupanga, mara nyingi ni mtu na mkewe. Mume ana cheti. Mke anafungua mlango asubuhi, anapokea wagonjwa, anachemsha vifaa, anashika mrija, anapokea malipo, anafagia. Ukimwuliza mume idadi ya wafanyakazi anasema "meiyou," hakuna, niko peke yangu. Na hadanganyi, ndivyo anavyoona. Otieno alirudi kutoka kliniki moja ya Foshan akiwa ameandika sifuri kwenye safu ya wasaidizi. Mwalimu akamwuliza nani alishika mrija. Otieno akasema mke wa daktari, lakini mama mwenyewe alisisitiza kwamba yeye si mfanyakazi, anasaidia tu.

"Alisimama mbele yako asubuhi nzima," Mwalimu alisema, "na wewe umeandika hayupo."

Alimrudisha Foshan siku iliyofuata, mvua ikinyesha, amhesabu yule mama. Otieno alinilalamikia njia nzima kwa simu. "Huyu Mwalimu ananibeba ufala, aki. Mama mwenyewe amesema hafanyi job. Mimi ni nani nimlazimishe ni worker?" Lakini alipofika, yule mama alikaa chini akamweleza kazi zake zote moja baada ya nyingine, na alipomaliza akamwuliza kama kazi hiyo kwingine hulipwa. Otieno hakulalamika tena baada ya hapo.

Hapa mke wa bosi huitwa laobanniang. Ni neno la heshima, na wafanyabiashara wetu wa Kiswahili walishalichukua. Ukipita soko la nguo la Shahe utasikia Watanzania wakiuliza laobanniang yuko wapi, kwa kuwa ndiye mwenye huruma kwenye bei. Mwalimu alilichukia neno hilo. Alisema mtu akishaitwa hivyo, kazi yake inakuwa tabia yake njema. Hatalipwa, hatakuwa na likizo, akiumwa mgongo ni mgongo wa nyumbani. Na jimbo likitaka kujua linahitaji wasaidizi wangapi, litahesabu na kukuta wanatosha, kwa sababu kazi inafanyika. Hili alilisema kwenye mikutano, mbele ya wakubwa wa afya, mpaka wengine walianza kutazama simu zao akiinuka. Nilimwonea aibu mara mbili tatu. Baadaye nilianza kuwaonea aibu wao.

Mumewe, tuliyemwita Daktari, alikuwa na kliniki yake Kangle, ule mtaa wa viwanda vya kushona ulio karibu na masoko ya vitambaa. Mpole, mrefu, amekunjika kwa miaka ya kuinamia watu. Wagonjwa wake walikuwa mafundi cherehani, wapakiaji wa mizigo, na baadhi yetu, kwa sababu bei yake ilieleweka na hakung'oa jino linalozibika. Ukiacha ile siku moja ya mwaka ya kusafishwa meno, Mwalimu hakuingia kamwe kwenye chumba chake cha matibabu. Akimfuata jioni waende sokoni, alikaa nje na mbegu zake. Kliniki ilikuwa na msaidizi, dada mmoja wa jimbo la Hunan, na dada yule alikuwa na mkataba, mshahara na likizo ya mwaka mpya, vitu ambavyo kliniki nyingi kubwa kuliko ile hazikutoa. Mwalimu ndiye aliyesimamia mkataba ule uandikwe. Baada ya hapo alisema mambo ya kliniki hayamhusu.

Nikamwuliza mara moja kama Daktari hajawahi kumwomba amsaidie hata siku moja, msaidizi anapougua.

"Ameomba," alisema. "Nilimwambia afunge siku hiyo."

"Kufunga kabisa, Mwalimu?"

"Duka la nyama halina nyama, linafungwa. Yeye hana mikono, afunge."

Nilimwona mgumu. Nilidhani pia, na sikumwambia, kwamba ni rahisi kuwa na msimamo kama mshahara wako unatoka chuoni.

Mambo yakabadilika jimboni, na sisi ndio tuliokuwa tukiyaona kwa karibu. Mijini ziliota kliniki za ghorofa, taa nyeupe hadi usiku, zinazouza meno ya kung'aa na nyaya za kunyoosha meno. Zilihitaji wasichana wa mapokezi, washauri wa kumshawishi mgonjwa, wapiga video, na wasaidizi pia, kwa malipo ambayo kliniki ya mtaani haiyawezi. Wahitimu wa uuguzi wakakimbilia huko, na nani angewalaumu. Huku chini nafasi ikawa inakaa wazi. Mtu anakuja mwezi mmoja, anajifunza, anaondoka. Kila mwaka tulipozunguka tuliwakuta wake za madaktari wakizidi, na waliokuwa wamepumzika wakirudi.

Dada wa Hunan naye aliondoka, akaenda wilaya ya Tianhe kwenye mojawapo ya zile za ghorofa. Alilia siku ya kuaga, Mwalimu akamwambia asilie, amefanya vizuri, mshahara ni mzuri. Hiyo ilikuwa mwaka uleule Mwalimu alipostaafu. Karamu ya kuagwa kwake ilikuwa kwenye hoteli moja ya Haizhu, na mkuu wa idara, akiwa amekunywa kidogo, akainua glasi akasema sasa Daktari amepata msaidizi aliyesoma kuliko wote jimboni. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Daktari akaangalia sahani yake.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumjulia hali nyumbani. Tulikula uji wa mchele. Nikamwuliza, kwa kuzunguka sana, kama hawezi kumsaidia mzee angalau kwa muda, maana nilikuwa nimepita Kangle nikamwona akifanya kazi peke yake, mrija ameuning'iniza kwenye mdomo wa mgonjwa, anafanya kwa mkono mmoja na kuzuia ulimi kwa mwingine.

Aliweka kijiko chini. "Tanga, wale wanawake wote niliowaambia kazi yao ni kazi. Unawakumbuka?"

"Nawakumbuka."

"Nikiushika mrija ule bure, nilichokuwa nikiwaambia kitakuwa maneno ya mtu aliyekuwa na mshahara wake."

Alikuwa amesema jambo lilelile nililokuwa nikilifikiri juu yake. Akaendelea kula. Daktari alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, akisikia kila kitu. Ilikuwa wazi kwamba mmoja wao angeshindwa, na kwamba kama angeshindwa Daktari, kliniki ingefungwa na mafundi wa Kangle wasingekuwa na pa kwenda kwa bei ile. Niliondoka nikiwa na hasira na wote wawili.

Chuo kiliniachia ile kazi ya jimbo. Sasa ni mimi ninayewatuma wanafunzi Foshan na kuwarudisha wakikosea, na nimesikia kwamba wananiiga sauti.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Kahama, ambaye mara mojamoja mimi humkalimania anapokuja kununua nguo. Alikuwa ameshinda Shahe na shavu limevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili jino limenikaba. Laoban wa duka ananiambia zuidi jia, zuidi jia, eti bei ya mwisho, na mimi hata kubishana siwezi! Nimelipa hivyohivyo kama mgeni. Jana wa maduka ya Guangyuan Xilu nao wamenila. Nitafutie daktari, ila asiwe wa kunikamua."

Nikampeleka Kangle. Ilikuwa asubuhi, na mtaani wenye viwanda vidogo walikuwa wamejipanga pande zote mbili, kila mmoja ameshika juu sampuli ya nguo anayotaka ishonwe, wakitafuta mafundi wa siku. Fundi anapita, anashika mshono, anauliza malipo, anakubali au anaendelea na safari. Siku nyingine wanaotafuta kazi ni wengi. Asubuhi ile walioshika nguo ndio walikuwa wengi. Mama wa Kahama, pamoja na maumivu yake, alisimama kuhoji bei ya gauni.

Kwenye viti vya nje hapakuwa na mtu. Nikaita, Daktari akatuambia tuingie. Niliingia chumbani pamoja na mama ili nimtafsirie, na kule ndani, kando ya kiti, amevaa koti la rangi ya maji ya bahari na barakoa, alisimama Mwalimu. Nilimjua kwa raba.

Mimi nilibaki nimekodoa macho. Yeye alimwonyesha mama mahali pa kuweka mkoba.

"Kumbe laobanniang yupo!" Mama wa Kahama akafurahi. "Mwambie na bei anifikirie."

Nikaona aibu, sikutafsiri. Mwalimu alikuwa ameshasikia neno analolijua. Aliitikia kwa kichwa, akamfunga mama kitambaa shingoni.

Alifanya kazi vibaya kidogo. Lazima niseme. Alichelewa kusogeza mrija, mama akakohoa, na mara moja Daktari akaushika mkono wa mkewe na kuuelekeza bila kusema kitu. Baadaye walienda mwendo mmoja. Jino lilizibika. Mama alikaa, akagusa shavu lililokufa ganzi, akaenda kujitazama kwenye kioo cha nje.

Mwalimu alivua glavu. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa kifupi. Kisha akaniambia kabla sijauliza. Alikuwa nje kwenye kiti, jioni moja, akimsubiri mumewe waende sokoni. Ndani alikuwepo msichana wa kushona, na Daktari alikuwa peke yake. Ulimi ulisogea na mashine ikaukata. Si sana, ulishonwa, umepona. Lakini Mwalimu aliusikia ule ukelele kupitia mlango.

"Nilikuwa nimekaa nje nikipasua mbegu," alisema. "Nikiwa na msimamo wangu."

Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye si mtu wa kukumbatiwa, na Daktari alikuwa akiosha mikono pale pale, ametupa mgongo, masikio mekundu.

"Kliniki hii iko kwenye mzunguko wako mwaka huu?" akaniuliza.

"Ipo wiki ijayo."

"Fanya sasa. Umeshafika."

"Mwalimu, si lazima..."

"Nani anashika mrija, Tanga?"

Nikatoa simu, nikaanza kujaza, nikimsomea kwa sauti. Msaidizi, yupo. Uhusiano na mwenye kliniki, mke. Mkataba, hana. Mshahara, hana. Alijibu haraka, kama mtu anayesoma anwani yake. Tulipofika kwenye sababu ya kufanya kazi bila malipo, nikaanza kuandika lile jibu tunalolipata kila mahali, kwamba anamsaidia mume. Aliinama akaangalia kioo cha simu.

"Futa hiyo. Andika nafasi imekosa mtu."

Nikafuta, nikaandika.

Akanisindikiza hadi mlangoni. Kwenye kioo cha nje kulikuwa na tangazo aliloandika kwa mkono wake: anatafutwa msaidizi, mkataba upo, mshahara huu, likizo hii. Jua lilikuwa limeshaula wino. Mshahara ulikuwa mzuri kwa kliniki ya mtaani, na niliujua ule wa Tianhe.

"Akija mtu, natoka siku hiyohiyo," alisema. "Ninazunguka humu Kangle tu, sijui kinachoendelea mikoani. Wewe unazunguka jimbo zima sasa. Atakuja?"

Mama wa Kahama alikuwa ananivuta mkono, anataka kurudi kwenye lile gauni. Nyuma ya Mwalimu nilimwona Daktari amesimama na taulo, naye akisubiri nijibu. Nilikuwa na majibu ya miji yote mfukoni, ya mwaka huu na ya mwaka jana, na yote yalisema kitu kimoja. Nilitamani sana kumdanganya. Angejua.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Hatakuja."

Alitikisa kichwa polepole kukubali. Akanyoosha tangazo lililokuwa limejikunja kwenye kona, akalibana vizuri kwa kidole, akarudi ndani kuchemsha vifaa.